Jazi, Vijana wa Vyuo na Uchungaji Wetu

Mchungaji atembeleaye vyuo, kama kile Chuo cha Ualimu kilichoko Matogoro, Songea, aweza kuulizwa na wanafunzi: Je, Mkristo aruhusiwa kujiunga na klabu ya wapenzi wa jazi? Kabla ya kujibu yatupasa kuitazama historia.

Katika nchi yetu neno "jazi" limetaja chama cha vijana zaidi ya mtindo wa muziki. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, na NUTA Jazz, iliyokuwa chini ya chama cha wafanyakazi, mwaka 1964. Bendi hizo zilipiga hasa dansi na rumba iliyotufikia kutoka Kuba kwa njia ya santuri, wala si jazi ya Marekani. Vijana waliohamia mijini, mbali na ukoo wao, walipata humo wenzi na heshima. Watumishi wengi wa Kanisa waliona pombe na mikesha. Upweke uliowapeleka vijana kule hawakuuona.

Hatudharau hofu hiyo, kwa maana ulevi umevunja nyumba nyingi. Lakini ala haina dhambi. Luther aliuhesabu muziki kuwa kipawa cha Mungu, akauweka karibu na theolojia. Nasi tukumbuke kwamba ngoma zetu nazo zilikataliwa ibadani kwa muda mrefu, kabla Dk. Howard Olson wa Makumira hajakusanya nyimbo za Kiafrika kwa ajili ya Kanisa katika miaka ya 1960.

Huko New York, Mchungaji John Garcia Gensel, Mlutheri, alikwenda usiku mahali wanajazi walipopiga, akawasikiliza. Mwaka 1965 Kanisa lilimkabidhi rasmi uchungaji wao, na ibada za jioni zenye jazi zikaanzishwa. Mtunzi Billy Strayhorn alipofariki mwaka 1967, aliagwa katika Kanisa la St. Peter's, na Duke Ellington alitunga muziki kwa heshima ya Gensel. Hawa walikuwa watu ambao huenda wasingelikanyaga kanisani kamwe.

Kwa hiyo, ndugu watumishi, tusianze na marufuku. Tuulize kwanza: Wanakutana wapi, saa ngapi, na nani huachwa nje? Kisha tuketi nao jioni moja, tusikilize. Palipo na ulevi tukemee ulevi. Palipo na muziki tu, tushukuru. Kijana tuliyemfukuza kwa ajili ya santuri, tutampata wapi siku atakapomhitaji mchungaji?