Rangi ya Gari na Udongo wa Kuisafishia

Mwanzoni mwa karne ya 20, magari yalipakwa rangi kwa desturi iliyorithiwa kutoka kwa mafundi wa magari ya farasi: vanishi ya mafuta ilipakwa kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka liliachwa likauke kisha likasuguliwa, hata bodi moja ikaweza kukaa karakana kwa wiki kadhaa. Mageuzi yalikuja 1923, DuPont na General Motors zilipoleta Duco, laki ya nitroselulosi, yaani selulosi iliyotiwa asidi ya nitriki kisha kuyeyushwa, ambayo ilipulizwa kwa bomba na kukauka kwa muda wa saa badala ya siku. Ilianza kuonekana kwenye magari ya Oakland ya modeli ya 1924, yakiwa ya buluu.

Laki za aina hiyo zilipauka juani, na dawa yake ilikuwa kuziparua. Mwenye gari alisugua kwa kampaundi, yaani uji mzito wenye chembe za kukwangua, mpaka tabaka lililokufa likaondoka, kisha akapaka nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi wa kaskazini-mashariki mwa Brazili. Kitambaa chake kilitoka na rangi ileile ya gari, na jambo hilo halikumshtua mtu, kwa kuwa rangi ilikuwa moja tangu juu hadi chini, ingawa kwenye kingo za boneti zoezi hilo liliishia mara nyingi kwa praima, yaani tabaka la msingi lililo chini ya rangi, kuchungulia.

Hesabu ilibadilika katika miaka ya 1980, viwanda vingi vilipoanza kupaka rangi nyembamba chini na kuifunika kwa klia, tabaka angavu lisilo na rangi ambalo kwa kawaida lina unene wa takriban maikroni 40 hadi 50, pungufu ya unywele wa kawaida. Kila msuguo sasa ulipunguza kinga isiyorudi, ilhali uchafu uliohitaji kusuguliwa haukupungua: vumbi la chuma kutoka kwenye reli, breki na viwanda lilinata kwenye klia, likashika kutu na kuacha vidoa vya rangi ya chungwa visivyotolewa kwa sabuni.

Jibu lilitoka Japani: kipande cha kusafishia kinachoitwa udongo. Hataza ya Marekani ya 1995, iliyotolewa kwa jina la mvumbuzi Tadao Kodate, inakieleza kifaa hicho kuwa jiwe la kusagia linalonyumbulika, na maelezo hayo ni sahihi kuliko jina la udongo lililozoeleka, kwa maana ni utomvu wa plastiki uliokandwa pamoja na chembe laini za kukwangua. Bodi iliyooshwa hulowanishwa kwa maji ya kuteleza, kipande kilichobonyezwa kikawa bapa kikapitishwa bila kukandamizwa. Mwanzoni hukwama na kukwaruza kwa sauti, halafu huteleza kimya pale vinundu vinapokwisha kung'olewa, na upande wake wa chini huonekana umejaa madoa ya kahawia. Fundi hukikunja ili upande safi utokee, na kikianguka chini hukitupa, kwani punje moja ya mchanga yatosha kuichora klia.

Hata kikitumiwa vyema, kifaa hiki huweza kuacha mikwaruzo hafifu, hivyo polishi hufuata. Wauzaji wanaodai kwamba hurejesha rangi wanatia chumvi: huondoa kilichonata juu, lakini klia iliyopauka au kubanduka hubaki vilevile, jambo linalowahusu wanunuzi wa magari yaliyotumika Japani yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam. Siku hizi baadhi ya mafundi hutanguliza dawa ya kunyunyiza inayoyeyusha chuma, ambayo hugeuka zambarau inapokigusa, na hivyo kuupunguzia udongo kazi, ijapokuwa dawa hiyo haiwezi utomvu wa miti wala lami.