Gari la Matope Kwenye Lami

Simama dakika kumi pale Museum Hill saa kumi na moja jioni, jam ikiwa imekaza, uhesabu magari makubwa. Utaona Prado, utaona Range Rover, na siku hizi utaona ile Defender mpya yenye ngazi ndogo ubavuni na rafu ya mizigo juu ya paa. Ngazi inang'aa. Haijawahi kukanyagwa na kiatu chenye matope. Kampuni inasema gari hilo linaweza kupita kwenye maji ya kina cha sentimita 90, na mto ambao linauvuka kila siku ni Mto Nairobi, kupitia darajani, likifuata mathree nyuma nyuma.

Sina ugomvi na mwenye gari. Pesa ni zake. Shida yangu ni vile tunavyoongea kuhusu magari haya. Kila nikisoma makala za magari nakutana na swali lile lile: je, gari gumu la porini litaishi, maadamu sasa kila mtu anataka SUV laini yenye viti vya ngozi na skrini kubwa? Jibu hutafutwa kwa kuhesabu wanunuzi. Lakini hebu tuangalie historia ya gari hili hapa Kenya. Wengi waliolihitaji hawakuwahi kulinunua. Walipanda nyuma.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1947, Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na shamba kisiwani Anglesey, kule Wales. Shambani alitumia jeep kuukuu ya jeshi la Marekani iliyobaki baada ya vita. Inasimuliwa kwamba alichora umbo la gari lake kwenye mchanga wa ufukwe wa Red Wharf Bay. Uingereza ilikuwa imechoka na vita, chuma kiligawiwa kwa mgao, na kampuni iliyotaka chuma ilipaswa kuonyesha kwamba inauza nje ya nchi. Ndiyo maana mwili wa Land Rover ukatengenezwa kwa alumini, ambayo ilikuwa imejaa maghala ya viwanda vya ndege. Hata rangi ya kijani ya zile za kwanza ilikuwa mabaki ya jeshi. Gari lilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Mpango ulikuwa liuzwe miaka michache tu, mpaka Rover wapate nguvu ya kurudi kwenye magari yao ya kifahari.

Shika hapo pa kuuza nje. Nje ilikuwa wapi? Sehemu kubwa ilikuwa kwetu, kwenye makoloni.

Kwa hivyo Landi ilifika Kenya wakati mbaya. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na katika miaka iliyofuata gari hilo lilipanda milima ya Aberdare likiwa na askari nyuma. Kwa mtu wa kijijini, mlio wa ile injini ulikuwa habari yenyewe. Kuna mtu anakuja kukamata, kuhesabu au kuhamisha. Gari lilikuwa mkono mrefu wa serikali. Liliweza kufika mahali ambapo barabara haikufika, na ndiyo sababu liliogopwa.

Uhuru ulipokuja, namba za GK zilibaki na gari likabaki. DC alikuwa nalo, polisi walikuwa nalo. Lakini kiti cha nyuma kilipata watu wapya. Alipanda daktari wa mifugo. Alipanda nesi na kasha la barafu la chanjo. Alipanda mwalimu anayepelekwa shule ya mbali na godoro lake. Na usiku, kama dereva ana roho nzuri na mafuta yapo, alipanda mama mwenye uchungu wa kujifungua. Nyanya yangu, mpaka alipofariki, aliita kila gari la serikali "Landrova", hata likiwa limeandikwa Toyota kwa herufi kubwa mlangoni. Kwake hilo lilikuwa jina la kazi ya gari. Kampuni haikumhusu.

Na Toyota ilikuwa inakuja kweli. Mwaka 1951 Wajapani walitengeneza gari lililoitwa Toyota Jeep BJ, wakalipandisha Mlima Fuji hadi kituo cha sita, mahali ambapo gari lolote halikuwa limefika. Polisi wa Japani walipoona hivyo wakaagiza. Neno Jeep lilikuwa na wenyewe Marekani, kwa hivyo mwaka 1954 likapewa jina Land Cruiser, jina lililochaguliwa makusudi lisionekane dogo mbele ya Land Rover. Mwaka 1984 ikatoka series 70, na hiyo bado inatengenezwa mpaka leo. Ile pikapu ya polisi unayoikimbia ukiwa umechelewa kutoka klabu ni mtoto wa familia hiyo. Mombasa, kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers kimeunganisha Land Cruiser kwa miaka mingi. Land Rover nazo ziliunganishwa Thika. Spea zikapatikana Kirinyaga Road, ambayo mafundi bado wanaiita Grogan kwa jina la mlowezi, na fundi wa Maralal alijifunza kufungua injini nzima kwa spana chache, chini ya mti.

Sasa tazama kitu kimoja kidogo: kiti. Landi ndefu za zamani, na Land Cruiser 78, zilikuwa na mabenchi mawili nyuma, yametazamana, magoti kwa magoti. Benchi halina idadi kamili ya watu. Linasogezwa. "Songea kidogo" ni sehemu ya muundo wake. Mwaka 2007, kwa sababu ya sheria za usalama za Ulaya, Defender iliondolewa mabenchi hayo ikawekewa viti vinavyotazama mbele, kila mtu na chake. Siwezi kubishana na usalama. Mabenchi yale yameua watu. Lakini kiti cha peke yako kinaonyesha gari sasa linamfikiria nani. Linamfikiria mwenye gari na familia yake.

Safari hiyo ilianza mapema zaidi. Range Rover ya kwanza, ya mwaka 1970, ilikuwa na viti vya plastiki na sakafu unayoweza kuiosha kwa mpira wa maji. Mkulima angetoka nayo shambani, aioshe, aende nayo mjini. Wanunuzi wa mjini waliipenda kuliko mkulima. Taratibu sakafu ikapata zulia, viti vikapata ngozi, bei ikapanda, na watengenezaji kote duniani wakajifunza somo: watu watalipa pesa nyingi kwa ajili ya uwezo ambao hawatautumia. SUV ya leo imejengwa juu ya somo hilo. Nyingi chini yake ni gari la kawaida, lililoinuliwa kidogo na kuvalishwa kifua.

Tarehe 29 Januari 2016, kiwandani Solihull, Defender ya mwisho ya muundo wa zamani ilitoka. Kwa miaka 67 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 2. Mpya ilizinduliwa mwaka 2019, na kabla ya hapo mojawapo ilipelekwa kujaribiwa Borana, hifadhi ya Laikipia, kwenye kazi ya kufuatilia simba. Kwa uwezo, ile mpya inaishinda ya zamani karibu kila mahali. Lakini haina tena chesisi ya chuma, ile iliyokaa kama ngazi iliyolazwa chini, na ndani imejaa kompyuta. Tajiri wa Uingereza, Jim Ratcliffe, alikasirika hadi akaanzisha gari lake, Grenadier, linalotengenezwa Ufaransa tangu 2022, lenye chesisi na sura ya zamani. Zuri sana. Bei yake haimhusu mkulima wa viazi wa Kinangop. Ugumu wenyewe umegeuka kuwa anasa, kama vile jeans zilizochanwa magoti huuzwa ghali kuliko nzima.

Hapo ndipo hadithi ya Mobius inapoingia, na inauma. Joel Jackson, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi na wakulima wadogo hapa Kenya, alijiuliza kwa nini hakuna gari lililobuniwa kwa barabara zetu na mifuko yetu. Mobius II ya kwanza ilianza kuuzwa kwa KSh 950,000: fremu ya mabomba ya chuma, imeinuka vizuri, haina AC wala madoido. Nairobi tulicheka. Tuliita sanduku. Kwa pesa hiyo, tulisema, si ununue Toyota mtumba kutoka Japani yenye redio na AC, na uiuze tena miaka mitano baadaye? Hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Kampuni ikajaribu kupanda juu, ikaleta Mobius III ya mamilioni kwa wateja wa mjini. Agosti 2024 ikatangaza kwamba inafunga kwa sababu ya madeni na kodi, halafu muda si mrefu ikasema imepata mnunuzi.

Wengi walisema Mobius ilianguka kwa sababu ya sura. Naona sababu iko kwenye hesabu yenyewe. Mtu anayeishi mwisho wa barabara mbovu hana KSh 950,000. Ana mia mbili ya nauli siku ya soko. Mwenye KSh 950,000 mara nyingi anaishi karibu na lami, na atanunua kinachomfaa kwenye lami. Kati ya hao wawili kunahitajika mtu wa tatu, mwenye kununua gari ili abebe wengine. Zamani mtu huyo alikuwa serikali. Baadaye akawa misheni, shirika la misaada, na mfanyabiashara wa usafiri.

Mfanyabiashara bado yupo. Nenda Baringo, Bonde la Kerio au Samburu siku ya soko, utakuta Landi za zamani zikipanda miamba na watu, mbuzi na magunia. Zina umri kuliko madereva wao. Mwezi wa Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika kwa mamia kule Arusha, na ukitazama picha unaona zile za kazi, zenye mikunjo, zikiwa sambamba na zile zilizopakwa nta. Kwingineko kazi imechukuliwa na Probox, gari dogo la ofisi la Kijapani ambalo halikuwahi kuahidi mtu yeyote mlima, na bodaboda. Mama mwenye uchungu siku hizi anakaa katikati, kati ya dereva na shemeji anayemshikilia. Hayo ndiyo mabadiliko makubwa ya soko la magari ya porini Kenya, na hayamo kwenye jarida lolote la magari.

Mtu ataniambia lami itamaliza shida. Ni kweli imesaidia. Kutoka Isiolo hadi Moyale sasa ni lami, na aliyewahi kupanda lori njia hiyo anajua maana yake. Lakini mtandao wa barabara zetu ni zaidi ya kilomita 160,000, na zenye lami hazifiki robo. Tena mvua za mwisho wa 2023 na za Aprili 2024 zilikata hata zile nzuri. Barabara ya Garissa ilikuwa ziwa.

Kwa hivyo gari gumu lina kesho, ila kesho hiyo itaamuliwa na anayelipa kwa niaba ya abiria. Machi 2021 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kwa mara ya kwanza gari la kubebea chanjo lenye friji yake: ni Land Cruiser 78, friji ya lita 396, nafasi ya paketi 400 za chanjo. Gari la mwaka 1984 ndilo lililochaguliwa, kwa sababu linafika na linatengenezeka. Hapa Nairobi, vijana wa Opibus, ambayo sasa inaitwa Roam, walichukua magari ya safari ya zamani wakatoa injini ya dizeli, wakaweka ya umeme. Kambi ya Emboo River, Maasai Mara, inayatumia kuzungusha wageni bila kelele wala moshi. Mwili ule ule, chesisi ile ile, moyo mpya. Kama inawezekana kwa mtalii anayetafuta chui, inawezekana kwa zahanati yenye sola juu ya paa.

Kitakachoamua ni maswali madogo ambayo kaunti inapaswa kuulizwa kabla haijasaini hundi. Fundi aliye karibu anaweza kulifungua bila kompyuta ya kampuni? Spea ziko Grogan, au zinasubiriwa kutoka Ulaya wiki sita? Machela inaingia nyuma? Mara nyingi gari jipya la kaunti linapozinduliwa tunauliza bei na nani atalipanda mbele. Bajeti inayofuata ya kaunti yako ikitoka, soma ukurasa wa magari, kisha uliza nani atapanda nyuma.