Dar ya Januari 1964: Wanajeshi walipoiteka Ikulu yao wenyewe

Wana wa Ibadakuli mnaopanda basi kwenda Dar, ratiba yenu naijua: Kariakoo, Mlimani City, Coco Beach, picha kibao, basi. Safari hii ongezeni sehemu tatu. Hazina kiingilio, ila mbili utaziangalia kwa nje tu, simu ikiwa mfukoni. Kwenye geti la jeshi hakuna selfie, aisee.

Anza na Lugalo, ile kambi kubwa ya JWTZ barabara ya Bagamoyo, ukishapita Mwenge. Zamani iliitwa Colito, jina la pigano la Ethiopia mwaka 1941, ambako askari wa KAR waliwapigania Waingereza dhidi ya Waitaliano. Usiku wa kuamkia 20 Januari 1964, siku nane tu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, askari wa Tanganyika Rifles wakawaweka chini ya ulinzi maofisa wao wa Kizungu. Madai yao mawili: mshahara uongezwe, na vyeo vya juu wapewe Waafrika. Uhuru una miaka miwili na ushee, halafu anayekupigisha kwata ni yule yule wa enzi za mkoloni! Madai hayo mimi nayaelewa kabisa. Kilichofuata ndiyo balaa.

Wakaingia mjini na bunduki, mpaka Ikulu ya Magogoni, kituo chako cha pili. Wakati huo Dar ndiyo makao makuu. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulikuja 1973. Mwalimu Nyerere na Kawawa walikuwa wameshatolewa na kufichwa. Aliyebaki kuongea na askari ni waziri Oscar Kambona. Kariakoo maduka yakavunjwa, watu wakafa. Kesho yake kambi ya Tabora nayo ikawaka, Tabora hiyo hiyo ambayo treni ya kutoka Shinyanga inapita.

Tarehe 25 makomando wa Uingereza wakashuka Colito kwa helikopta kutoka meli ya HMS Centaur, na mchezo ukaisha mapema sana. Sasa pata picha: baba wa taifa jipya analazimika kumwita mkoloni wa juzi aje amnyang'anye silaha jeshi lake. Hakuna kiongozi wa kupenda hilo. Miezi michache baadaye Waingereza wakapishana na wanajeshi kutoka Nigeria, jeshi la zamani likavunjwa, na 1 Septemba 1964 ikazaliwa JWTZ, vijana wa TANU wakiwa mstari wa mbele kuandikishwa.

Na kambi ikapewa jina jipya. Lugalo ni kule Iringa ambako Wahehe wa Mkwawa waliwachakaza Wajerumani, 17 Agosti 1891. Yaani wametoa pigano ambalo Mwafrika alimpigania Mzungu, wakaweka ambalo alimpiga. Wanaoshuka kituoni pale kila siku, sijui wangapi wanalijua hilo.

Malizia Posta, Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa 1927 mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Wissmann. Hapa picha ruksa. Askari yule wa shaba hana jina, na bayoneti yake imeelekea bandarini.