Rahani, Kodi ya Pango na Fundisho la Kivinje

Kila nipitapo Kilwa Kivinje, husimama mbele ya majengo ya mawe yaliyobomoka, duka chini, makazi juu, nikajiuliza: ni benki gani leo ingeyapokea kuwa dhamana?

Katika karne ya 19 misafara kutoka Ziwa Nyasa iliishia hapa, ikileta pembe za ndovu na, kwa fedheha ya historia yetu, watumwa. Wafanyabiashara wa Kihindi walikopesha bidhaa. Nyumba na mashamba viliwekwa rahani. Wajerumani wakajenga boma. Lakini makao ya wilaya yalipohamia Kilwa Masoko, wapangaji nao waliyafuata. Kuta zilibaki, kodi ikaondoka, na pamoja nayo uwezo wa kukopa.

Mwaka 1971 ulileta fundisho la pili. Kwa hoja ya kukomesha unyonyaji, Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani iliyozidi shilingi 100,000 na kuyakabidhi kwa Msajili wa Majumba. Kodi iliyompa mwenye nyumba heshima mbele ya mkopeshaji ndiyo iliyomponza mbele ya sheria.

Leo wapo wanaotamani kukopa wajenge fremu Lindi, wakiungojea mradi wa gesi wa Likong'o. Siwakatazi. Nawasihi wapige hesabu kwa kodi inayolipwa, si inayotarajiwa. Mkopo huegemea kodi, kodi huegemea mpangaji. Na mpangaji, kama msafara, hana mizizi. Marejesho ya benki hayangoji gesi.