Chupa ya Shangazi: Dawa ya Kichina na Swali la Nani Anaruhusiwa Kubadili Mchanganyiko

Desemba iliyopita nilikuwa Likombe, Mtwara, nyumbani kwa shangazi yangu. Baada ya shikamoo na habari za safari, aliingia chumbani akatoka na chupa ndogo ya vidonge vyeusi mviringo, mfano wa mbegu za papai. "Baba, wewe si daktari? Nisomee hii." Nikamkumbusha, kama ninavyomkumbusha kila mwaka, kwamba udaktari wangu ni wa vitabu. Akanijibu kuwa na chupa nayo ina maandishi.

Kichina sikijui. Lakini chini ya herufi zile paliandikwa kwa herufi zetu: Liu Wei Di Huang Wan. Aliinunua mjini kwa ajili ya maumivu ya kiuno. Muuzaji alimwuliza swali moja tu, anaumwa wapi. Kisha akamhakikishia kwamba dawa hiyo "inasafisha figo", na kwamba akiitumia hatavihitaji tena vidonge vyake vya presha. Shangazi, kwa kuwa ni mtiifu kwa kila anayezungumza kwa uhakika, alikuwa na wiki ya tatu bila vidonge hivyo. Kesho yake tulimpeleka kupimwa: 190 kwa 110.

Hasira yangu ilikuwa kubwa, na ningeweza kuandika makala ya hasira tu. Niliporudi chuoni nilichagua kuisoma historia ya chupa ile, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kuwa kosa la muuzaji halikuwa kuuza dawa ya Kichina. Kosa lake ni kwamba hakuuza tiba ya Kichina hata kidogo.

Tuanze na jina. Liuwei maana yake ni "vionjo sita", yaani viambato sita. Dihuang ni mzizi unaoongoza mchanganyiko. Wan ni kidonge cha mviringo. Mchanganyiko huu ni mtoto wa mwingine mkongwe zaidi, wenye viambato vinane, unaopatikana katika maandishi ya Zhang Zhongjing, tabibu aliyeishi mwishoni mwa enzi ya Han, takriban miaka 1,800 iliyopita. Zhang aliuandika, pamoja na mambo mengine, kwa ajili ya mtu aliyechoka mwili, anayeumwa kiuno na kupata shida ya mkojo. Ndani yake mlikuwa na mzizi wa dihuang, kiazi cha shanyao (ambacho ni ndugu wa kiazi kikuu chetu), tunda dogo jekundu, kuvu inayoota kwenye mizizi ya msonobari, mmea wa majini, gome la mzizi wa mudan, na hatimaye viwili vya kuutia mwili joto: vijiti vya mdalasini na fuzi, mzizi wenye sumu kali ambao huandaliwa kwa uangalifu kabla ya kutumiwa.

Karne nyingi baadaye, katika enzi ya Song, akatokea Qian Yi, tabibu wa watoto aliyepata sifa hadi katika jumba la mfalme. Alikuwa na wagonjwa ambao hawakuwamo katika maelezo ya Zhang: watoto waliochelewa kukua, ambao utosi wao haukufunga kwa wakati. Kwa elimu ya zama zake, mtoto ana joto la kutosha mwilini, wala hahitaji kuchochewa zaidi. Basi Qian Yi akaondoa viungo viwili vya joto, mdalasini na ule mzizi wa sumu, akatumia dihuang iliyopikwa, na sita vilivyobaki akaviacha katika uwiano ambao wanafunzi wa tiba hiyo wanaukariri hadi leo: nane, nne, nne, tatu, tatu, tatu. Kitabu chenye mafundisho yake kilikusanywa na mwanafunzi wake mwaka 1119.

Msomaji ameshaona kichekesho chenye uchungu kilichomo. Shangazi yangu, mwenye umri wa miaka 68, aliuziwa dawa ya kiuno ambayo katika asili yake ilipunguzwa ili imfae mtoto mchanga! Sisemi kwamba alistahili ile ya viambato vinane. Mzizi wa fuzi huweza kuuvuruga moyo, na mwenye presha ya 190 hapaswi kuukaribia. Ninasema kwamba mtu aliyesomea kazi hiyo angeliona swali lenyewe. Angemshika mkono apime mapigo, angetazama ulimi, angeuliza kuhusu usingizi, jasho, choo, miguu kuvimba, na dawa nyingine anazotumia. Baada ya hapo ndipo angeamua aongeze nini na apunguze nini. Waliofuata baada ya Qian Yi hawakuiacha sita yake ilivyo: wenye macho makavu waliongezewa goji na maua ya krisanthemamu, wenye joto la usiku wakaongezewa viambato vingine viwili vichungu, na kila tokeo likapata jina lake. Wachina wana istilahi fupi ya ufundi huu, jia jian, yaani kuongeza na kupunguza. Tabibu hupimwa kwa kuujua mchanganyiko wa kale kiasi cha kuweza kuubadili bila kuuharibu.

Ufundi huo ulifikaje kwetu, na ulipotelea wapi?

Madaktari wa Kichina walifika Zanzibar mwaka 1964, na Tanzania Bara mwaka 1968 kutoka jimbo la Shandong. Wengi wao walikuwa madaktari wa kawaida wa hospitali, wapasuaji na wakunga, ingawa tiba ya sindano ilikuja nao. Sura iliyo karibu zaidi na somo letu ilifunguliwa mwaka 1987, pale wataalamu wa taasisi ya utafiti wa tiba ya jadi ya Beijing walipoanza kutumwa Muhimbili kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI kwa mitishamba. Tukumbuke wakati wenyewe: AZT ilikuwa ndiyo kwanza imeidhinishwa Marekani mwaka huohuo, na hapa kwetu dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Katika elimu waliyokuja nayo madaktari wale, jina moja la ugonjwa halitoshi kumwandikia mtu dawa; anayehara, anayekohoa na anayetokwa jasho usiku ni wagonjwa watatu. Mitishamba yao haikuwa tiba ya kuondoa virusi, na sipendi tuisimulie hivyo. Ila ilikuwa kazi ya hospitali, yenye mafaili, vipimo na daktari anayemwona mgonjwa yuleyule mara ya pili.

Miaka ya 1990 ikaleta sura nyingine. Baada ya huduma binafsi za afya kuruhusiwa tena mwaka 1991, zahanati za Wachina zilichipuka Dar es Salaam, kisha mikoani. Mwanaanthropolojia Elisabeth Hsu wa Oxford, aliyezitafiti, alichapisha mwaka 2002 makala inayoonyesha kuwa wagonjwa walizisifu dawa hizo kwa kuleta nafuu haraka. Kilichouzwa humo kwa wingi ni dawa zilizokwisha kutengenezwa kiwandani. Sababu zinaeleweka: mizizi mikavu inahitaji ghala, mgonjwa hataki kuchemsha chungu saa nzima, na daktari na mgonjwa hawana lugha moja ya kuulizana habari za jasho. Kidonge hakihitaji mkalimani. Hatua ya mwisho ya safari hiyo ni duka lisilo na daktari, Mchina wala Mswahili, na hapo ndipo shangazi yangu aliponunua.

Wasomaji wangu watumishi wa umma watanijibu kwamba heri kidonge kilichosanifishwa kuliko mtu anayechanganya anavyopenda. Wana hoja, tena nzito. Tu Youyou alipolirejea fundisho la Ge Hong wa karne ya 4 kuhusu kuloweka qinghao na kuikamua bila kuichemsha, alipata njia ya kutoa artemisinin kwa joto la chini, na aliyeokolewa na dawa ya mseto, iliyokuwa tiba ya kwanza ya malaria Tanzania Bara tangu 2006, aliokolewa kwa sababu kila kidonge kina kipimo kilekile. Na kuna habari ya Brussels. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo baada ya kutumia vidonge vya kupunguza unene vilivyotiwa mitishamba ya Kichina. Mzizi mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye jina linalofanana, fangji, nao ulikuwa na asidi ya aristoloki. Hakuna tabibu aliyeamua badiliko lile mbele ya mgonjwa; lilitokea katika mnyororo wa biashara, na lebo haikulionyesha.

Kwa hiyo usanifishaji peke yake hautulindi. Kikombe cha Loliondo cha mwaka 2011 kilikuwa kimesanifishwa kuliko vyote: mzizi mmoja, kipimo kimoja, shilingi 500, kwa kila ugonjwa na kila mtu. Tuliona waliotoka wodini na walioacha dawa zao ili wakipate.

Sheria yetu ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya 2002, iliunda Baraza na kuweka utaratibu wa usajili. Ninavyouona utekelezaji wake, nguvu nyingi huishia kwenye cheti cha ukutani na lebo ya chupa. Mganga mmoja mzee wa Likombe aliniambia kwamba anaposhauriwa kuipeleka dawa yake ikapimwe, huulizwa mchanganyiko ni upi, naye hukosa jibu kwa sababu hana mmoja. "Nimwandikie nani, Mwalimu? Mgonjwa sijamwona." Wapo watakaosema huo ni ujanja wa kukwepa ukaguzi, na kwa baadhi ya waganga watakuwa wamesema kweli. Lakini jibu hilohilo Qian Yi angelitoa, na tofauti ni kwamba mchanganyiko wake umeandikwa. Ningependa mkaguzi anapofika dukani au kwa mganga aombe kwanza daftari: nani alionwa, aliulizwa nini, alipewa nini, alikuwa anatumia dawa gani nyingine, alirudi lini. Duka lisiloweza kuonyesha ukurasa mmoja wa namna hiyo lisiruhusiwe kuuza kitu chenye jina la tiba, hata kama chupa zake zina muhuri.

Shangazi amerudia vidonge vyake vya presha. Mara ya mwisho kumpigia simu alisema ameshuka hadi 150. Kiuno bado kinamsumbua, na daktari amempangia picha. Ile chupa hakuitupa. Ameiweka kabatini pamoja na risiti yake, na ameniuliza mara mbili kama wale watoto wa zamani, wenye utosi ulio wazi, walipona.