Fahamu mitandao ya vyuo vikuu inayofundisha siasa za Ulaya na faida yake kwa ukanda wa dhahabu

Na Mwandishi Wetu, Geita

Kati ya mwaka 2008 na mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria tatu zinazohusu zebaki, dhahabu na nikeli. Zebaki hutumiwa na wachenjuaji wadogo wa Geita na Kahama. Dhahabu ndiyo uti wa mgongo wa uchumi wa mikoa ya Geita na Shinyanga. Nikeli ya Kabanga imepangiwa kusafishwa Kahama. Sheria hizo zilijadiliwa Brussels na Strasbourg, na wananchi wengi wa ukanda huu walizisikia baada ya kupitishwa, kama walizisikia kabisa.

Namna Ulaya inavyofikia maamuzi yake ni somo linalofundishwa vyuoni, na ipo mitandao ya vyuo vikuu iliyoundwa kulieneza somo hilo nje ya bara hilo. Makala haya yanaeleza mitandao hiyo ni ipi, inafanyaje kazi, na kijana au chuo cha Tanzania kinaweza kuitumia kwa njia gani.

Umoja uliozaliwa na madini

Umoja wa Ulaya ulianza kama makubaliano kuhusu madini. Tarehe 9 Mei 1950, Waziri wa Mambo ya Nje wa Ufaransa, Robert Schuman, alipendekeza makaa ya mawe na chuma vya Ufaransa na Ujerumani viwekwe chini ya mamlaka moja, ili nchi hizo zisiweze tena kujiandaa kupigana kwa siri. Mwaka 1951 nchi 6, yaani Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Luxembourg na Uholanzi, zilitia saini Mkataba wa Paris ulioanzisha Jumuiya ya Makaa ya Mawe na Chuma ya Ulaya. Leo Umoja huo una nchi wanachama 27.

Aliyebuni wazo hilo alikuwa Jean Monnet, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1888 na kufariki mwaka 1979. Monnet aliacha shule akiwa na umri wa miaka 16 akaingia katika biashara ya familia yake. Baadaye alikuwa rais wa kwanza wa mamlaka ya juu ya jumuiya hiyo, kuanzia mwaka 1952 hadi 1955. Mpango mkubwa kuliko yote wa kufundisha masuala ya Ulaya vyuoni umepewa jina lake.

Mpango wa Jean Monnet

Mpango huo ulianzishwa mwaka 1989 kwa vyuo vikuu vya nchi wanachama. Mwaka 2001 ulifunguliwa kwa dunia nzima, na sasa ni sehemu ya Erasmus+, mpango wa elimu wa Umoja wa Ulaya unaotekelezwa kwa vipindi vya miaka 7, cha sasa kikiwa cha mwaka 2021 hadi 2027.

Katika elimu ya juu, mpango una ngazi kuu 3. Ya kwanza ni moduli, yaani kozi fupi kuhusu Umoja wa Ulaya yenye saa zisizopungua 40 za ufundishaji kwa mwaka wa masomo. Ya pili ni kiti cha uprofesa, ambapo mhadhiri mmoja hufundisha saa zisizopungua 90 kwa mwaka. Ya tatu ni kituo cha umahiri kinachounganisha wataalamu wa fani mbalimbali. Ngazi zote hudumu kwa miaka 3. Zaidi ya hizo, vyuo vya nchi tofauti vinaweza kuungana katika mtandao wa kufanya utafiti na kubadilishana maarifa kuhusu jambo moja la kisera.

Mpango huu haudai mhadhiri awe mtetezi wa Ulaya. Kinachotakiwa ni kufundisha na kutafiti. Mhadhiri wa sheria anaweza kufundisha kanuni za biashara, wa uchumi akafundisha ushuru wa forodha, na wa jiolojia akashirikiana nao kueleza sera za malighafi.

Nje ya mpango huo ipo mitandao na taasisi za muda mrefu. Jumuiya ya wasomi wa masuala ya Ulaya ijulikanayo kama UACES ilianzishwa Uingereza mwaka 1967. College of Europe ya Bruges, Ubelgiji, imekuwa ikiandaa watumishi wa umma na wanadiplomasia tangu mwaka 1949. Chuo cha European University Institute cha Florence, Italia, kilifungua milango mwaka 1976 na hutoa mafunzo ya uzamivu.

Sheria tatu na maisha ya mchimbaji

Sheria ya kwanza ni ya mwaka 2008, iliyopiga marufuku kusafirisha zebaki kutoka nchi za Umoja wa Ulaya kuanzia tarehe 15 Machi 2011. Wakati huo Ulaya ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa zebaki duniani. Marufuku hiyo haikufunga njia za zebaki kutoka kwingineko, lakini ilitangulia Mkataba wa Minamata uliopitishwa mwaka 2013, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020 na ambao unazitaka nchi wanachama zipunguze, na inapowezekana ziondoe, matumizi ya zebaki katika uchimbaji mdogo wa dhahabu. Mtu aliyefuatilia mjadala wa Ulaya mwaka 2008 angeweza kuona mapema mwelekeo wa dunia kuhusu suala hilo.

Ya pili ni kanuni namba 821 ya mwaka 2017, iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Januari 2021. Inahusu bati, tantalamu, tangsteni na dhahabu kutoka maeneo yenye migogoro au hatari kubwa. Mwagizaji wa Ulaya anayeingiza dhahabu kuanzia kilo 100 kwa mwaka anapaswa kuchunguza madini yametoka wapi, yamepita mikononi mwa nani, na kama yamefadhili vita au ukiukwaji wa haki za binadamu.

Tanzania ina amani, lakini inapakana na mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na dhahabu ikishayeyushwa haionyeshi ilikotoka. Ndiyo maana kumbukumbu za asili ya madini zina thamani. Mnunuzi makini huuliza karatasi kabla ya kuuliza bei. Soko la madini la Geita, lililozinduliwa mwezi Machi 2019, na masoko yaliyofuata mikoani yanampa mchimbaji mdogo nafasi ya kuuza mahali ambapo uzito, ubora na chanzo cha dhahabu huandikwa. Mchimbaji anayeuza kwa njia za panya huikosesha Serikali mapato, na yeye mwenyewe hubaki bila ushahidi wa asili ya mali yake.

Sheria ya tatu ni ya malighafi muhimu, iliyoanza kutumika tarehe 23 Mei 2024. Inaweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030, Ulaya ichimbe yenyewe angalau asilimia 10 ya mahitaji yake ya malighafi za kimkakati na ichakate angalau asilimia 40, huku ikiepuka kutegemea nchi moja ya nje kwa zaidi ya asilimia 65 ya mahitaji ya malighafi yoyote kati ya hizo. Nikeli ya kutengenezea betri imo katika orodha hiyo. Kwa Kahama, ambako eneo la uliokuwa mgodi wa Buzwagi limetajwa katika mpango wa kusafisha nikeli ya Kabanga, sheria hii ina pande mbili. Ulaya inatafuta wauzaji wapya, na wakati huohuo inataka sehemu kubwa ya uchakataji ifanyike kwake. Msimamo wa Tanzania wa kuongeza thamani ya madini hapa nchini unahitaji watu wanaoweza kuisoma sheria hiyo kifungu kwa kifungu.

Funzo la mwaka 2016

Afrika Mashariki imekuwa ikijadiliana na Ulaya kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1968 Tanzania, Kenya na Uganda zilitia saini Mkataba wa Arusha na Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya. Mkataba huo haukuanza kutumika, ukafuatiwa na mwingine wa mwaka 1969, kisha mikataba ya Lomé mwaka 1975 na Cotonou mwaka 2000.

Mfano ulio karibu zaidi ni Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi, maarufu kama EPA. Majadiliano yake na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki yalihitimishwa mwezi Oktoba 2014. Kenya na Rwanda zilitia saini mwezi Septemba 2016. Tanzania haikusaini, na mwezi Novemba mwaka huo Bunge, baada ya kupata maelezo ya wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, liliishauri Serikali isisaini mkataba huo. Hoja kubwa ilikuwa hatima ya viwanda vichanga iwapo bidhaa za Ulaya zingeingia bila ushuru. Kenya baadaye ilisaini mkataba wake tarehe 18 Desemba 2023, ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024.

Bidhaa za Tanzania zinaendelea kuingia Ulaya bila ushuru wala ukomo wa kiasi kupitia utaratibu ulioanza mwaka 2001 kwa nchi zenye maendeleo duni zaidi, unaohusu bidhaa zote isipokuwa silaha. Nchi inapotoka katika kundi hilo hupewa kipindi cha mpito cha miaka 3, kisha nafuu hiyo hukoma. Siku hiyo itakapofika, majadiliano yatarudi mezani, na wataalamu wa kukaa upande wetu wa meza wanapaswa kuandaliwa sasa.

Jinsi ya kushiriki

Maombi ya Jean Monnet huwasilishwa na taasisi ya elimu ya juu, si mtu binafsi. Mwito hutolewa kila mwaka na mwisho wa kupokea maombi kwa kawaida huwa mwezi Februari. Vyuo vyenye vituo katika ukanda huu, kama Kampasi ya Kizumbi ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi mjini Shinyanga na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania chenye vituo mikoani, vina nafasi ya kuandaa maombi kupitia makao makuu yao.

Mwanafunzi binafsi anaweza kuomba ufadhili wa Erasmus Mundus kwa shahada ya uzamili inayosomwa katika nchi mbili au zaidi. Sifa ya msingi ni shahada ya kwanza, na wanaotarajia kuipata kabla ya masomo kuanza nao hukubaliwa. Ufadhili unalipia ada na kumpa mwanafunzi euro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24. Maombi hutumwa moja kwa moja kwa vyuo vinavyoendesha programu husika, mengi kati ya mwezi Oktoba na Januari. Hakuna haja ya wakala, na mwananchi anayedaiwa fedha ili "kuwekewa jina" ajihadhari. Mhitimu akirejea, cheti chake hutambuliwa kupitia Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

Kwa wasiokusudia kusafiri, sheria za Umoja wa Ulaya huchapishwa bure mtandaoni. Kamisheni ya Ulaya hutoa pendekezo la sheria, kisha Bunge la Ulaya na Baraza la Mawaziri hulijadili na kulipitisha. Kabla ya hapo Kamisheni hukusanya maoni ya umma, na watu na taasisi za nje ya Ulaya pia huruhusiwa kuyatoa. Chama cha wachimbaji cha Geita au Kahama chenye kijana mmoja anayeujua utaratibu huo kinaweza kupeleka hoja zake wakati pendekezo bado linaandikwa. Sheria ikishapitishwa, kinachobaki kwa muuzaji ni kuitii au kutafuta mnunuzi mwingine.