Mlandege Mbili na Timu Moja

Jina la Mlandege hutajwa mahali pawili katika Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Pa kwanza ni kata ya mji wa Iringa, katika nyanda za juu za kusini, mbali na bahari. Pa pili ni mtaa wa mjini Unguja, wenye chama cha mpira wa miguu kilichochukua Kombe la Mapinduzi mwaka 2023, kikalichukua tena mwaka 2024 kwa kuifunga Simba bao 1 kwa 0. Yanapokuja mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika, watu wa Mlandege zote mbili huwa na timu moja. Yanapokuja mashindano ya Afrika Mashariki na Kati, kila Mlandege huwa na timu yake, na timu hizo huweza kukutana zikafungana. Jambo hili limezoeleka hata halimstaajabishi mtu. Nami naona lastahili kustaajabiwa, maana ndani yake mna swali ambalo wanahistoria na wanasheria hawajalimaliza: timu ya taifa ni timu ya nani?

Aghalabu hudhaniwa kwamba taifa hutangulia, na timu ikafuata nyuma. Kombe la Mataifa halikuanza hivyo. Lilipochezwa mara ya kwanza huko Khartoum, Februari 1957, Afrika Kusini ilikuwa miongoni mwa waanzilishi, walakini haikucheza, kwa kuwa haikukubali kuleta timu iliyochanganya weusi na weupe. Dola ilikuwapo, bendera ilikuwapo, wachezaji walikuwapo; wenzao wakakataa kuiita timu ya rangi moja timu ya taifa. Misri, Sudan na Uhabeshi zikacheza peke yake.

Mashindano ya Januari 1962, mjini Addis Ababa, yana mengi zaidi ya kutufunza. Uganda ilicheza huko, nayo haikupata uhuru hadi tarehe 9 Oktoba mwaka huo. Timu ilitangulia dola. Katika mchezo wa mwisho Uhabeshi iliifunga Misri mabao 4 kwa 2, na Mfalme Haile Selassie akampa kombe nahodha Luciano Vassalo. Nahodha huyo alikuwa mzaliwa wa Asmara, mama yake Mweritrea na baba yake Mtaliano. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule Mfalme aliivunja hadhi ya Eritrea ya kuwa nchi ya shirikisho, akaifanya jimbo. Vita vilivyokuwa vimekwisha anza mwaka 1961 vikaendelea kwa miaka thelathini, na Eritrea ikawa dola yake yenyewe mwaka 1993. Basi kombe kubwa kuliko yote waliyopata Wahabeshi lilipokewa kwa mikono ya mtu ambaye nchi yake ya kuzaliwa ilikuja kujitenga nao. Sisemi kwamba ushindi ule ulikuwa wa uongo. Nasema kwamba ulikuwa wa kweli, na haukuzuia lolote.

Turudi kwetu. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, lililopewa jina la watengenezaji sabuni wa Kiingereza. Katika miaka ya 1940 Tanganyika ikaingia, na Zanzibar pia. Kwa hiyo Muungano ulipofanywa tarehe 26 Aprili 1964, Zanzibar ilikuwa na timu yenye mazoea ya kucheza na jirani zake, Tanganyika mmojawapo. Na katika orodha ya mambo ya Muungano michezo haikutiwa. Mambo ya nje yalitiwa. Hapo ndipo lilipo fundo lenyewe, kwani timu inayovuka mpaka ni mchezo, nayo ni mambo ya nje pia. Kila upande ukiusoma mkataba kwa jicho lake utapata hoja, na hoja zote mbili ni nzuri.

Timu ya Muungano ilifika katika Kombe la Mataifa kwa mara ya kwanza mwaka 1980. Mlango ulifunguliwa Ndola, Agosti 1979, miezi michache baada ya majeshi yetu kuingia Kampala. Barabara ipitayo Iringa na Mbeya ndiyo iendayo Zambia, kwa hiyo Ndola si jina geni kwa watu wa kusini. Bao la Peter Tino lilileta sare ya 1 kwa 1 iliyotosha, kwa sababu Dar es Salaam tulikuwa tumeshinda. Huko Lagos tulifungwa na Nigeria 3 kwa 1, na Misri 2 kwa 1, tukatoka sare na Ivory Coast. Kisha hatukurudi hadi mwaka 2019.

Katika miaka hiyo mirefu Zanzibar haikulala. Ilitwaa Kombe la Afrika Mashariki na Kati mwaka 1995. Machi 2017 Shirikisho la Mpira la Afrika liliikubali kuwa mwanachama kamili. Julai mwaka huo huo likaufuta uanachama, kwa hoja kwamba Zanzibar si nchi. Watetezi wa Zanzibar huuliza mbona Uingereza ni dola moja, na Scotland na Wales zina timu zao. Jibu la wakubwa wa mpira ni kwamba vyama vya huko ni vikongwe kuliko shirikisho la dunia lenyewe, lililoundwa mwaka 1904. Ni jibu la mtu aliyewahi kufika karamuni akakalia kiti. Matokeo yake ni ya ajabu: chama cha Mlandege ya Unguja kilicheza na CS Sfaxien ya Tunisia katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika, msimu wa 2020/21, kikiwa bingwa wa Zanzibar, wachezaji wake wakitaka Kombe la Mataifa, hapana budi wavae jezi ya Tanzania.

Desemba 2017, nchini Kenya, Zanzibar iliifunga Tanzania Bara 2 kwa 1, ikafika mchezo wa mwisho na kushindwa na wenyeji kwa mikwaju ya penalti. Mwalimu wake alikuwa Hemed Suleiman, Mzanzibari aitwaye kwa utani Morocco. Januari 2024, huko Ivory Coast, Tanzania ilifungwa na Morocco, nchi yenyewe, mabao 3 kwa 0, na mwalimu Adel Amrouche akasimamishwa. Aliyeshika nafasi yake ni yule yule Hemed. Timu ikatoka sare na Zambia, ikatoka sare na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Novemba mwaka huo, Dar es Salaam, bao la Simon Msuva likaifunga Guinea, na Tanzania ikapata nafasi katika mashindano ya 2025 chini ya mtu aliyeifunga Bara miaka saba kabla.